Kompyuta ya nyumbani imejaa matangazo? Isafishe hivi kabla hujaipeleka kupigwa window

Mama yangu mdogo ana laptopu moja pale nyumbani Tabata, mchana anaandikia hesabu za duka lake la vitenge, jioni watoto wanaichukua kwa kazi za shule na muvi. Siku moja akanipigia saa tatu usiku anahema, mwanangu njoo uone, kompyuta inasema ina virusi vitano na wanaiba hela zangu benki, wanataka nilipie saivi. Nikamwambia mama usibonyeze kitu, usilipe, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, nakuja asubuhi.

Asubuhi nikaikuta hivi: kwenye kona ya chini kulia ya kioo kinapanda kiboksi chenye ngao nyekundu, kinakaa kidogo kinashuka, kinapanda kingine. Ukifungua Chrome haiji Google, inakuja saiti ya kutafutia ambayo hakuna mtu pale ndani aliyewahi kuisikia. Na bando alilojiunga la mwezi lilikuwa limeisha kabla wiki haijaisha. Fundi wa mtaani alishamwambia alete tu wapige window upya. Mi nikasema ngoja kwanza, maana kupiga window bila kujua kitu kiliingiaje ni kufagia huku mlango uko wazi, na tena kuna hasara nyingine ambayo window mpya haiitibu kabisa, nitaifikia huko chini na naomba usiiruke hata kama sehemu nyingine utaruka.

Matangazo yanapiga kelele ndo maana tunayaona. Hiyo ndo adwea, kazi yake ni kukuonyesha vitu ubonyeze mtu alipwe. Spaiwea ni kimya, inakaa inasoma pasiwedi zako na unachoandika, na mara nyingi vyote viwili vinaingia kwa mlango mmoja siku moja. Kwa hiyo kelele ikiisha usiseme kazi imeisha.

Mimi nikikaa mbele ya mashine ya hivyo swali la kwanza sio una antivairasi gani. Nauliza ilianza lini, na siku hiyo nani alikuwa anaitumia na aliweka nini. Pale nyumbani mdogo wangu wa form two akanyamaza nikajua, nikamuuliza taratibu akasema alipakua programu ya kuhariri video, ile ya kulipia lakini imeshakrakiwa, yaani mtu amevunja kinga yake itumike bila kulipa, na maelezo yake yalimwambia azime antivairasi kwanza ndo aiweke. Usimpigie mtoto kelele hapo, akiogopa atakuficha jina la alichoweka na we ndo utahangaika siku nzima.

Kabla hujagusa chochote, toa intaneti, zima waifai au hotspoti ya simu. Na kuanzia sasa usiandike pasiwedi yoyote kwenye hiyo kompyuta mpaka tumalize, ukihitaji kuingia kwenye imeili tumia simu. Ukurasa wa kutisha ukijaza kioo kizima na haufungiki, bonyeza na ushikilie Esc, ikigoma bonyeza Alt na F4, ikigoma tena Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja inafunguka Task Manager, chagua brauza (Chrome au ile unayoingilia mtandaoni) kisha End task. Ukiifungua tena brauza ikakuuliza kama irudishe kurasa za mwanzo, kataa. Na ile namba ya simu inayokwambia upige haraka, Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu, ukiona namba ujue ni matapeli, wanachotaka ni uwafungulie kompyuta yako kwa mbali wenyewe waingie.

(Majina ya menyu nitayaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana mashine zetu nyingi ziko kwa Kiingereza.)

Tuanze na vile viboksi vya kwenye kona. Watu wengi wanadhani ni virusi, kumbe mara nyingi ni notifikesheni za brauza ambazo mtu aliziruhusu. Umeingia saiti ya muvi, imekwambia bonyeza Allow kuthibitisha wewe sio roboti, umebonyeza, basi kuanzia siku hiyo hiyo saiti ina ruhusa ya kukutumia chochote hata ukiwa hujaifungua. Antivairasi ikikagua inaweza isione kitu kwa sababu hakuna faili baya, ni ruhusa tu. Kwenye Chrome nenda vidoti vitatu juu kulia, Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications. Angalia orodha ya walioruhusiwa. Ya mama mdogo ilikuwa na saiti kumi na moja, majina yenyewe ni herufi zimerundikana tu hazisomeki. Toa zote, alafu hapohapo juu weka saiti zisiruhusiwe hata kuomba. Kwenye Edge fungua Settings, kwenye kisanduku cha kutafutia andika notifications utafika. Kwa watu wengi hapo tu ngao nyekundu zimeisha, na hujatumia hata shilingi.

Sasa viendelezi, na hapa nataka tukae kidogo. Viendelezi ni vile viprogramu vidogo vinavyoongezwa ndani ya brauza, vya kubadilisha PDF, vya kupakua video, vya kupunguza bei na kadhalika. Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani (Edge ni edge://extensions, Firefox ni about:addons) alafu kwa kila kimoja bonyeza Details usome ruhusa zake. Ukikuta kimeandikwa kinaweza kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye saiti zote, tulia uifikirie hiyo sentensi. Maana yake kinaona ukurasa wa imeili yako, kinaona fomu unayojaza, kinaweza kuongeza matangazo kwenye saiti ambayo mwenyewe hana matangazo. Kuna vinavyohitaji hiyo ruhusa kweli, kama vya kuzuia matangazo, lakini kikokotoo au cha picha ya ukutani kinaihitaji ya kazi gani. Na hata kizuri kinaweza kugeuka. Kulikuwa na kimoja maarufu sana kinaitwa The Great Suspender, kilikuwa kinasaidia Chrome isile RAM, watu wamekitumia miaka, mwenye nacho akakiuza kwa mtu mwingine na Februari 2021 Google wakakifuta kwenye kompyuta za watu kwa sababu kilikuwa na msimbo hatari ndani. Waliokuwa nacho hawakufanya kosa lolote, walikiweka kikiwa safi. Ndo maana mi nasema kiendelezi ambacho hukitumii kila wiki kitoe, usikizime tu, kitoe.

Ukikuta kitufe cha Remove hakibonyezeki, au chini ya menyu ya Chrome imeandikwa Managed by your organization wakati hiyo ni kompyuta ya nyumbani na hakuna ofisi inayoisimamia, basi kuna kitu kimeweka sheria za kulazimisha. Andika chrome://policy uone kilicholazimishwa. Antivairasi nyingine halali nazo zinaweka sheria pale kwa hiyo usishtuke bila kusoma, ila ukiona jina la kiendelezi usichokijua limelazimishwa, lisubiri, tutalitoa huko mbele na AdwCleaner, programu ya kusafishia adwea. Na kitu kinachosahaulika: kama umeingia Chrome na akaunti ya Google na sinki (kunakili vitu vya brauza yako kwenye kila kifaa chako) imewashwa, kiendelezi kibaya kinakufuata mpaka kompyuta nyingine. Mtu anasafisha ya nyumbani, ya dukani inamrudishia.

Ukurasa wa mwanzo uliobadilika angalia kwenye Settings, On startup, na Search engine. Ukirekebisha na kesho umerudi vilevile, bonyeza kulia ile ikoni ya Chrome ya kwenye desktopu, Properties, angalia mstari wa Target. Unatakiwa uishie kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ya mama mdogo ilikuwa na nafasi alafu anwani ya ile saiti imeandikwa kwa mbele, yaani kila akibonyeza ikoni anaipa Chrome amri ya kwenda kule, hata ungebadilisha Settings mara mia. Ifute hiyo ikoni utengeneze mpya, na ile ya kwenye upau wa chini itoe uibandike upya.

Programu zenyewe sasa. Settings, Apps, Installed apps (Windows 10 inaitwa Apps & features), panga kwa tarehe ya kuwekwa. Hapo lile jibu la ilianza lini linakulipa, unaenda moja kwa moja kwenye siku ile. Sisi tulikuta vitu vinne vya siku moja, programu ya video na wenzake watatu ambao hakuna aliyewaita, mmoja anajiita msafishaji wa kompyuta. Viondoe vyote. Soma taratibu kila kidirisha kinachokuja wakati wa kuondoa, vingine vimeandikwa kwa ujanja ili ukibonyeza kitufe kikubwa kinabaki. Usiondoe vyenye majina kama Microsoft Visual C++, Intel au Realtek, hivyo ni vya mashine yenyewe.

Na usidhani kwamba adwea ni usumbufu tu. Lenovo waliuza laptopu mpya, za mwaka 2014 mpaka mwanzoni mwa 2015, zikiwa na programu ya matangazo inaitwa Superfish imeshawekwa kiwandani. Ili iweze kubandika matangazo hata kwenye kurasa zenye kufuli iliingiza kwenye Windows cheti chake, yaani kile brauza inachoangalia kujua saiti ni ya kweli, na ufunguo wa siri wa kile cheti ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Watafiti wakautoa Februari 2015. Maana yake mtu aliyekaa kwenye waifai moja na wewe angeweza kujifanya benki yako na brauza yako isione tatizo. Yote hayo kwa ajili ya matangazo ya vitu vya dukani.

Tukaja kwenye antivairasi. Windows 10 na 11 zina Defender tayari, ni ya bure na kwa nyumbani inatosha, huna haja ya kuweka mbili tatu zinazokimbia kwa pamoja zikapigana na mashine ikawa nzito. Lakini kabla hujabonyeza Scan, fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka chini kabisa kwenye Exclusions, Add or remove exclusions. Hii ni orodha ya sehemu ambazo Defender imeambiwa isikague. Kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani inakuwa tupu. Pale Tabata nikakuta mstari mmoja, umeandikwa C:\ basi. Diski nzima. Yule kijana alipobonyeza Yes kwenye kile kidirisha cha kuuliza kama anaruhusu programu ibadilishe kompyuta, ikachukua ruhusa yake na kumwambia mlinzi asiangalie nyumba yote, kwa hiyo Defender ilikuwa inaonyesha tiki ya kijani na kila kitu salama, mama anaiona ile tiki anatulia. Toa chochote usichokiweka mwenyewe, alafu hapohapo hakikisha Real-time protection na Tamper Protection zimewashwa. Zikikataa kuwaka, hiyo peke yake ni dalili, ruka usome sehemu ya kureset huko chini.

Toka hapo nenda App & browser control, Reputation-based protection settings, washa Potentially unwanted app blocking, tiki zote mbili. Hii ndo inayoshika vitu ambavyo sio virusi kamili ila hakuna mtu anavitaka.

Rudisha intaneti, bonyeza Check for updates za Defender ipate taarifa mpya, alafu fanya Full scan. Kwenye laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua masaa, iache kwenye chaji usiku. Ikimaliza fanya na Microsoft Defender Offline scan, ipo kwenye Scan options. Hii inazima Windows na kukagua kabla haijawaka, inachukua kama dakika 15, na faida yake ni kwamba kitu kinachojificha Windows ikiwa inaendesha hapo kinakuwa kimelala.

Kisha pata jicho la pili. Mi natumia AdwCleaner ya Malwarebytes, faili dogo, bure, haihitaji hata kuinstoli, unaifungua inakagua. Andika mwenyewe malwarebytes.com kwenye anwani, usitafute alafu ukabonyeza tokeo la juu kabisa, maana matapeli wananunua matangazo ya juu wanaweka saiti zinazofanana. Ndani yake kwenye settings kuna vitu vya kuwasha kabla ya kusafisha: kureset sheria za Chrome, proksi (kompyuta ya kati ambayo intaneti yako inapitishwa) na faili la hosts (orodha ndani ya Windows inayoweza kupeleka jina la saiti kwingine). Ukiwasha hivyo vitatu umejiokoa kazi ya kuvitafuta kwa mkono, na yale mambo ya Managed by your organization mara nyingi yanaondoka hapo. Malwarebytes yenyewe ukiiweka inakupa majaribio ya siku 14 ya ile ya kulipia, yakiisha inabaki ya bure ya kukagua, huna haja ya kutoa kadi.

Kama baada ya haya yote kuna ukurasa unajifungua wenyewe kila baada ya muda fulani, ni ratiba. Bonyeza Windows na R, andika taskschd.msc, angalia kwenye Task Scheduler Library kama kuna kazi ambayo kwenye Actions inafungua brauza na anwani. Ifute. Kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup apps, zima usivyovijua. Anayetaka kuona kila kitu kinachowaka na Windows achukue Autoruns ya Sysinternals, ni ya Microsoft wenyewe, afiche vya Microsoft kwenye Options vibaki vya wageni tu.

Angalia na simu za pale nyumbani. Kama nazo zikiwa kwenye waifai ileile zinapelekwa kwenye kurasa za ajabu, tatizo linaweza kuwa kwenye ruta, mtu amebadilisha DNS, yaani ile huduma inayogeuza jina la saiti kuwa anwani yake halisi. Sio hadithi, FBI walivunja genge la DNSChanger Novemba 2011, lilishaingia kwenye kompyuta kama milioni 4 duniani, na kwenye baadhi ya nyumba lilibadilisha mpaka ruta. Bonyeza kile kitundu cha reset cha ruta, weka pasiwedi mpya ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, sio ile ya waifai peke yake. Anayetumia hotspoti ya simu hii haimhusu.

Sasa ile sehemu niliyokuomba usiiruke.

Vitu vinavyofichwa kwenye krak siku hizi mara nyingi ni wezi wa taarifa. Vinafanya kazi dakika chache tu: vinachukua pasiwedi zote ulizohifadhi kwenye brauza, vinachukua kuki, vinatuma, na vingine vinajifuta. RedLine ni mmojawapo, Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walikamata seva zake, na bado wa aina hiyo ni wengi. Kwa hiyo antivairasi kukwambia hakuna kitu leo haimaanishi hakikupita juzi. Na hapo ndo kupiga window hakusaidii, pasiwedi zimeshaondoka nyumbani, window mpya haizirudishi.

Kuki nieleze maana wengi hawaijui. Ukiingia kwenye ofisi yenye geti, mlinzi anakukagua mara moja anakupa kile kitambulisho cha mgeni unaning'iniza shingoni, baada ya hapo hakuna anayekuuliza tena. Kuki ya kuingilia ni hicho kitambulisho. Mwizi akikichukua anaingia kwenye imeili yako bila kuulizwa pasiwedi wala ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa meseji. Ndo maana kubadilisha pasiwedi peke yake hakutoshi, lazima ufute vitambulisho vyote vilivyotolewa.

Chukua simu, sio ile kompyuta. Anza na imeili, kwa sababu kila akaunti nyingine inarudishwa kupitia imeili. Badilisha pasiwedi, alafu kwenye akaunti ya Google nenda Security, Your devices, toa vifaa vyote usivyovitambua, na mi hata ninavyovitambua navitoa niingie upya. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Hakikisha namba ya simu na imeili ya kurejeshea akaunti ni zako, wezi wanabadilisha hapo wakajiachia njia ya kurudi. Ukiwa umeshapata kompyuta safi fungua Gmail uangalie kwenye Settings sehemu ya Forwarding na ya Filters, mtu anaweza kuweka amri nakala za barua zako ziende kwake, utabadilisha pasiwedi mwaka mzima na bado anasoma. WhatsApp fungua Linked devices, toa zote. Facebook, Instagram, kila mahali pana sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, itafute. Kama unatumia benki kwa brauza kwenye hiyo kompyuta wapigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, waeleze. Mama mdogo tulikaa naye kwenye kochi kama saa moja na nusu tunafanya hivi, alikuwa na pasiwedi moja kwa kila kitu, jina la mjukuu na mwaka, tukamnunulia daftari dogo akaziandika mpya zote tofauti linakaa kabatini na nguo. Kwa mtu wa nyumbani kama yeye daftari la kabatini ni salama kuliko pasiwedi moja kwa saiti ishirini.

Kureset ni lini? Kama Defender au Malwarebytes imetaja mwizi wa pasiwedi, au kitu kinachotawaliwa kwa mbali, au kinga inakataa kuwaka, au kila ukifuta kinarudi, usibishane nacho. Hamisha picha na nyaraka tu, usihamishe programu wala mafaili ya kuinstolia. Alafu Settings, System, Recovery, Reset this PC (kwenye Windows 10 Recovery iko chini ya Update & Security), chagua Remove everything. Itakuuliza Cloud download au Local reinstall, ya kwanza inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando, ya pili haili ila inatumia mafaili yaliyopo kwenye mashine. Kama kuna ndugu ana waifai isiyo na kikomo nenda kwake ufanye ya kwanza. Kama Windows yako ilikuwa halali leseni imeshikana na mashine, itarudi yenyewe. Na ukimpa fundi akupigie, muulize anaiwashaje, maana akiweka Windows ya flash yenye kiamshio cha wizi (kiprogramu cha kuidanganya Windows ikubali bila leseni), amekurudishia mlangoni kitu kilekile ulichomlipa akitoe.

Kuna spaiwea nyingine ambayo haiji na krak, inawekwa na mtu anayeishi na wewe au aliyewahi kuishi na wewe, anataka kuona unachoandika. Kama unahisi hivyo na unamwogopa huyo mtu usiifute haraka, akiona imetoka anajua umejua. Tumia kifaa kingine kabisa kuwasiliana, piga picha unachokiona, na ujue kwa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa na kunasa mawasiliano yake kuwa kosa, mume au mke haijalishi.

Baada ya kusafisha tulibadilisha mambo machache pale nyumbani. Watoto wana akaunti yao ambayo sio administrator, wakitaka kuweka programu inaomba pasiwedi ya mama. Programu ya video tukawapa DaVinci Resolve ya bure, ni nzito kwa mashine dhaifu lakini ni halali, ofisi wakapewa LibreOffice, muvi VLC. Brauza tukaweka Firefox na uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwenye Chrome siku hizi inafanya kazi ile ndogo ya uBlock Origin Lite. Flash inayoenda stationery kuprinti ikirudi ikiwa na vishotikati (shortcut, ikoni za njia ya mkato) badala ya mafolda, usibonyeze hata kimoja, ikague kwanza na Defender, alafu fungua cmd uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flash yako) mafaili yako yatajitokeza, ufute vile vishotikati. Na washa File name extensions kwenye View ya File Explorer, ili picha.jpg.exe uione kama ilivyo.

Na kitu kipya ambacho kimenifanya niwaite wote sebuleni niwaonyeshe. Ukurasa unakwambia thibitisha wewe ni binadamu, bonyeza Windows na R, alafu Ctrl na V, alafu Enter. Kumbe ule ukurasa umeshanakili amri kimyakimya, wewe kwa mkono wako unaibandika na kuiendesha, mwizi wa pasiwedi anaingia kwa sekunde na hakuna kilichopakuliwa ukakiona. Hakuna saiti ya kweli inayothibitisha ubinadamu kwa Windows na R. Nilimrudia mama mdogo mara tatu hiyo mpaka akanisimulia yeye.

La Windows 10 pia lipo. Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hazipandi Windows 11. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama kwa wa nyumbani mpaka Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Windows Update, jiandikishe. Na anayetumia hotspoti aliyoiweka metered (ameiambia Windows ibane matumizi ya bando) ajue apdeti nyingi hazishuki zenyewe, abonyeze mwenyewe angalau mara moja kwa wiki.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Tabata, nikafungua Data usage kwenye Network & internet, inaonyesha kila programu imekula kiasi gani. Kwenye Notifications hakuna kitu. Exclusions tupu. Ile ikoni ya Chrome Target yake inaishia chrome.exe. Mama mdogo akaniuliza sasa naweza kuandika hesabu zangu, nikamwambia andika mama, akavaa miwani akaanza na vitenge vya wiki nzima iliyopita.